Mpango wa Mwisho Kabisa wa Mkalimani

Alikozaliwa sikujui, na sitaki kujifanya nakujua. Huku Tana ukimuuliza mtu kwao ni wapi, yeye husikia umemuuliza alikuwa upande gani siku tulipokosana, na jibu la swali hilo halijawahi kumsaidia mtu. Wapokomo walisema yule ni Muorma aliyekaa sana mtoni. Waorma walisema ni Mpokomo aliyelelewa kwa maziwa. Wagiriama wa upande wa Tarasaa walidai ni wao, kwa sababu akikasirika alikasirika kwa Kigiriama. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi ni mfanyakazi wa serikali," kana kwamba hilo nalo ni kabila. Kwa jinsi wanavyooana na kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, huenda ni kabila kweli.

Alikuwa mkalimani wa mahakama. Mahakama gani, naiacha, maana alihamishwa mara nyingi na kila alikohamishwa alilalamika vilevile. Familia yake lakini ilibaki Garsen, na Garsen ndiko niliko na saiba yangu: kompyuta nne, mbili zikiwa hai. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akichukua Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama, akivigeuza Kiswahili au Kiingereza, kisha akirudisha majibu njia ileile. Zaidi ya miaka ishirini alisema mbele za watu "nilimpiga", "sikuiba", "huyu si mke wangu", na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa lake.

Siku ya kwanza aliyoingia kwangu na jambo lake mwenyewe, alikuwa amekunja kalenda ya zamani ya duka la dawa. Upande wa nyuma alikuwa amechora visanduku kwa rula, vyekundu na bluu, na mishale ikitoka kisanduku hiki kwenda kile.

"Mwanangu, nataka unipigie chapa huu mpango."

"Mpango wa nini, Mzee?"

"Wa digrii. Shahada ya haki ya jinai. Inasomwa kwa mtandao."

Nikampigia chapa. Faili nikaliita Mpango. Wiki iliyofuata akaja na kalenda nyingine, nikaandika Mpango Mpya. Baadaye ukaja Mpango wa Mwisho, halafu Mpango wa Mwisho Kabisa, halafu Mpango wa Mwisho Kabisa Huu Ndio. Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo. Chuoni alikuwa bado hajajiandikisha.

Nilimuuliza siku moja, kwa mdomo wangu huu ambao marehemu mama aliusema sana, "Mzee, umebakiza miaka ya kuhesabika ustaafu. Digrii ya haki ya jinai ya nini? Unataka kumkamata nani?"

"Nataka kuwa probesheni," alisema.

Probesheni, kwa ninyi ambao hamjawahi kushtakiwa, ni yule afisa ambaye hakimu humtuma kijijini kabla ya kutoa hukumu, akaulize mshtakiwa ni mtu wa namna gani na alifanya alilofanya kwa nini, kisha arudi aseme. Mkalimani haruhusiwi kusema kwa nini. Husema kilichosemwa, basi. Kazi ya probesheni inataka digrii, na mtu aliye ndani ya serikali anaweza kuomba apelekwe huko, ila awe na karatasi mkononi kabla siku yake ya kustaafu haijafika.

Kisha akanisimulia. Miaka ya nyuma alimtafsiria mkulima mmoja wa kando ya mto. Ng'ombe walikuwa wameingia shambani mwa mtu huyo wakamaliza mahindi na migomba michanga. Mkulima akafanya walivyofanya babu zake: akawaswaga hadi nyumbani kwake, akawafunga mbele ya nyumba, akawapa maji, akangoja. Huku kwetu hata mtoto anajua maana yake. Ng'ombe waliozuiwa ni mwito. Mwenye ng'ombe huja na wazee wake, mwenye shamba huita wa kwake, wanatembea pamoja kwenye hasara, wanakubaliana fidia, na ng'ombe wanaenda zao. Lakini hawa walikuwa wa tajiri mmoja wa mbali, aliyewaleta Delta kufuata majani wakati wa kiangazi. Tajiri hakuwajua wazee. Aliwajua polisi.

Mahakamani mkulima akaulizwa kama aliwachukua ng'ombe wa mtu bila idhini yake. Akajibu kwa Kipokomo, kifua mbele, kwa kuwa hakuona la kumwaibisha: ndiyo, niliwachukua, nikawafunga. Mkalimani akageuza neno kwa neno. Hakimu, mgeni wa juzi, akauliza kama ana la kuongeza. Mkulima akaona ameshaeleza yote, maana nani asiyejua? Akasema hana. Akapewa miaka mitatu.

"Nilitafsiri sawasawa," Mkalimani aliniambia. "Hata nukta sikuacha."

Ningekuwa mtu mwema ningenyamaza hapo. Nilimwambia basi ajiandikishe kwanza, mpango utafuata. Akanitazama kama niliyemwambia aoe kwanza, posa itafuata.

Namna yake ya kupanga masomo sidhani kuna chuo kimewahi kuiona. Mwezi wa Ramadhani aliweka somo jepesi. Krismasi nayo aliiwekea somo jepesi, ili siri ya dini yake ibaki siri. Takwimu, ambayo aliiogopa kuliko chatu, aliiweka muhula wa mwisho kabisa, akiomba kimoyomoyo kwamba kabla hajaifikia watakuwa wameifuta. Mimi ndiye niliyesoma maelezo ya chuo nikagundua kwamba bila Takwimu huruhusiwi kusoma Mbinu za Utafiti, na bila Mbinu za Utafiti huandiki ile tasnifu ya mwisho. Nilipomwambia aliikunja kalenda yake. Halafu akauliza kama kuna mtu wa kuzungumza naye.

"Kuna kompyuta," nikamwambia.

"Basi tuandike upya."

Hatimaye alijiandikisha, mwaka wa pili ukielekea kwisha, na nikafikiri balaa limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linafungua mlango. Masomo mazito, yakiwemo Sheria ya Ushahidi, alikuwa ameyapanga msimu wa mafuriko. Hesabu yake ilikuwa safi, na profesa aliyekaa ghorofani asingeweza kuiwaza: mto ukifurika, barabara hukatika, barabara ikikatika, mashahidi hawafiki, mashahidi wasipofika, kesi huahirishwa, kesi zikiahirishwa, mkalimani hukaa nyumbani na vitabu vyake. Alinieleza haya kwa furaha, akigonga meza kila kituo.

Mto ukafurika kwa utiifu mkubwa. Barabara ikakatika. Kesi zikaahirishwa. Kisha watu wa misaada wakashuka kwa maboti na helikopta, na wote, kila shirika na fulana za rangi yake, wakatafuta mtu mmoja: yule anayejua lugha zote. Wiki tano alisimama kwenye kambi ya mwinukoni, mwambie achukue blanketi moja, anasema watoto ni tisa, mwambie zimekwisha, anasema anaziona pale nyuma yako. Mnara wa simu nao ukakosa dizeli ukanyamaza. Sheria ya Ushahidi aliifeli bila kuandika hata jina lake.

Maji yalipopungua aliingia saiba na matope hadi magotini.

"Ushahidi uende kiangazi," alisema.

"Mzee, kiangazi ng'ombe wote wanashuka mtoni. Kesi zinashuka nao."

"Andika tu, mwanangu."

Nikaandika. Alifaulu kwa alama ileile ya chini inayoruhusiwa, wala si zaidi, na mwezi mzima alitembea Garsen kama mtu aliyeapishwa.

Alikuwa na tabia zake. Koti moja la kijivu, katika joto hili ambalo mbuzi hulala saa nne asubuhi. Mtu akichelewa kwa dakika tano alimkaripia, yeye aliyetumia karibu miaka miwili kuamua aanze na somo lipi. Hakukubali chai ya mtu yeyote mwenye kesi, na kwa kuwa huku hakuna asiye na kesi, alibeba chai yake mwenyewe kwenye chupa, akainywa peke yake, akisema wengine hawana maadili. Mkewe aliniambia nyumbani hasemi. Ana lugha sita, na chumvi anaiomba kwa kunyoosha kidole. Watoto wakigombana alimsikiliza huyu akamaliza, akamsikiliza yule akamaliza, halafu akaondoka. Hukumu alimwachia mkewe.

Na alikuwa na msemo ambao nimeuchoka hadi leo: "Neno la mtu usilipunguze, usiliongeze, si lako." Aliusema ukimletea umbea. Ulikuwa umbea mtamu, nao ukachacha mdomoni mwako.

Mitihani ilifanywa mbele ya kamera. Sharti lilikuwa mtahiniwa awe peke yake chumbani, asigeuze macho, asifungue mdomo. Siku ya mtihani wa Kriminolojia nilifunga mlango wa mbele nikabandika karatasi: HAKUNA HUDUMA, MTIHANI. Mimi nikajibanza kwenye kona isiyoonekana na kamera. Karatasi ile ilimzuia kila mtu aliyejua kusoma. Kwa mlango wa nyuma akaingia mzee mmoja wa Kiorma, rafiki yake wa siku nyingi, fimbo begani, na kitambulisho mkononi.

"Mama, hii kipande toa nne," aliniambia, akitaka nakala nne, kisha akamwona rafiki yake. Akamsalimu.

Sasa, salamu ya mzee wa Kiorma si "habari" ukajibu "nzuri" yakaisha. Anauliza kama una amani. Anauliza watoto wana amani. Anauliza ng'ombe, mvua, majani, majirani, safari uliyotoka na unayoelekea, na kila swali lina jibu lake, na kumwacha mtu mzima katikati ya salamu ni tusi ambalo wajukuu watakuja kulisikia. Nilimtazama Mkalimani. Aliikodolea kamera macho, jasho likimtiririka ndani ya koti. Alivumilia hadi ng'ombe. Mzee alipouliza mara ya pili kama kuna uhai, Mkalimani akageuka akajibu yote, kuanzia mwanzo, bila kuruka hata ndama. Kompyuta ikazima mtihani. Likaja tangazo kwamba mtahiniwa amezungumza na mtu mwingine kwa lugha isiyotambulika.

"Lugha isiyotambulika," alirudia, na hilo lilimuuma kuliko mtihani wenyewe.

Aliwaandikia barua ya kurasa nne. Mimi ndiye niliyeipiga chapa. Alieleza kwamba kwa mujibu wa sheria zao ametenda kosa na analikiri. Ila kosa la kutomjibu mzee ni kubwa zaidi, halina rufaa, na hukumu yake hairekodiwi popote lakini hutekelezwa. Wakamruhusu kurudia. Ni ushindi pekee wa kisheria niliowahi kumwona akiupata, na aliupata kwa sababu ya kusalimiana.

Kazi yake ya somo la usuluhishi ilirudi na alama za aibu. Walikuwa wamemtaka aeleze jinsi jamii zinavyoweza kumaliza mgogoro nje ya mahakama. Aliandika kurasa kumi na mbili za mambo aliyoyaona kwa macho: nani huketi wapi, nani hutangulia kusema, lini mtu huinuka akajifanya anaenda haja ili wengine wapate kukubaliana. Nilisoma nikilia, mimi niliyekulia hapahapa nikidhani wazee wale wanapoteza muda tu. Mwishoni, palipotakiwa orodha ya vyanzo, aliandika: "Mimi." Mwalimu akajibu kwamba mawazo ni mazuri ila hayana ushahidi, arejelee wataalamu. Basi tukairudia. Tukawaorodhesha wazee wale mmoja mmoja, tukaandika "mahojiano ya ana kwa ana", yaleyale maneno, hata herufi hatukubadilisha. Wakampa alama ya juu. Kumbe tatizo la "Mimi" lilikuwa ni kwamba yuko peke yake.

Barua ya kustaafu, tofauti na mipango yake, haikukosea tarehe. Ilimkuta amebakiza Takwimu, Mbinu za Utafiti na tasnifu. Takwimu aliifanya, akafeli, akairudia, akafaulu, na sitaeleza zaidi kwa heshima yake na yangu, kwani grafu zile nilizichora mimi. Mbinu na tasnifu zikafuata, na matokeo ya mwisho yalitoka miezi minne baada ya yeye kurudisha kitambulisho cha kazi. Nafasi ya probesheni ikawa imempita. Nilimchapishia shahada aliyotumiwa na chuo kwa mtandao, kwenye karatasi ngumu, ya rangi, na badala ya kumpongeza nikamkaripia. Nilikuwa na hasira kwelikweli. Nilimwambia ile miaka aliyoipoteza akichora mishale kwenye kalenda ndiyo hii inayomdai sasa; angejiandikisha siku ile ya kwanza angewahi, na mto na kamera na Takwimu vyote visingemzuia.

"Najua," alisema. "Nimeshahesabu." Akaitia shahada kwenye bahasha. "Mahakama haitanisikia tena. Nitampelekea yule mkulima. Njoo, utupige picha."

Tulikwenda asubuhi kwa pikipiki hadi Ngao, tukavuka kwa mtumbwi. Mkulima tulimkuta kwenye mpunga, yeye na mkewe, matope yakiwafika kwenye vifundo. Shamba halikuwa lake, lilikuwa la shemeji. Lake mto ulihama ukalichukua alipokuwa ndani, kifungoni, kama mto huu unavyofanya ukijisikia, na hakukuwa na mtu mwenye nguvu nyumbani wa kuwahi kulima ardhi mpya iliyoachwa na maji upande wa pili. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Alimtambua Mkalimani mara moja.

Mkalimani akaanza kwa Kipokomo, Kipokomo kizuri cha watu wazima. Mkulima akamkatiza.

"Sema Kiswahili," alisema. "Siku ile nilikuwa nacho cha sokoni tu. Kule ndani nimekisoma miaka mitatu. Na mie nina digrii yangu."

Mimi ambaye hucheka kila kitu sikucheka. Mkalimani akatoa karatasi, akaeleza ni ya nini, na kwamba aliitafuta miaka yote ile kwa sababu ya kesi ile. Mkulima aliitazama bila kuigusa. Mikono yake ilikuwa na matope.

"Siku ile, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua ng'ombe wa kuzuiwa si ng'ombe wa kuibwa."

"Nilijua."

"Ungesema, wangekufanya nini?"

Mkalimani alifikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kujiuliza.

"Wangenikaripia," alisema. "Labda wangeniandikia barua."

"Barua."

"Ndiyo."

"Haya," mkulima alisema. "Leo una ruhusa. Sema."

Nilidhani atakataa. Alifunga kifungo cha koti, akaweka mikono nyuma, akasema, pale kwenye tuta la mpunga:

"Mheshimiwa, mtu huyu si mwizi. Watu wa mto, ng'ombe wakila shamba, huwazuia ili mwenyewe aje na wazee wazungumze. Hakuwaficha. Aliwafunga mbele ya nyumba, kila mpita njia aliwaona, na maji aliwapa. Naomba mahakama iwaite wazee wa pande zote mbili kabla ya kumhukumu."

Mkulima alingoja.

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu."

Mkewe, ambaye Kiswahili hakupata mahali pa kukisomea, akauliza mzee huyu amesema nini. Mkalimani alimgeukia na mdomo umeshafunguka. Mkulima akamwinulia mkono.

"Nitamwambia mwenyewe."

Akamwambia kwa Kipokomo, polepole, toka mwanzo hadi mwisho, hakupunguza wala hakuongeza. Mama yule akauliza kama hayo ndiyo yaliyokosekana siku ile. Mumewe akamjibu ndiyo, ni hayo. Kisha akainama, akaendelea kung'oa magugu.